Mwambie Akaze

Siku ile mjinga alikuwa yeye. Tuliseme hilo mapema, mtu asije akapoteza muda kumsaka mwingine. Njiani watajitokeza wengine waliojitahidi, mkewe akiwamo, lakini kombe la ujinga lilikuwa la kwake peke yake, na alilipokea kwa mikono miwili, mmoja ukiwa ndani ya mfuko wa mkate.

Kazi yake ilikuwa kufunga nyuzi za raketi za tenisi. Watu walimwita Fundi Nyuzi, naye hakulalamika, kwa sababu kabla ya hapo alishanunua shehena ya viatu akakuta vyote ni vya mguu wa kushoto, akafilisika, akaendesha gari la kunyonya vyoo, akafukuzwa, na majina aliyoitwa katika safari hiyo hayaandikiki. Mtu aliyewahi kushika bomba la gari la vyoo ungedhani ana pua ya chuma. Yake ilifanya kinyume. Ilitoka kule imekula kiapo kwamba haitavumilia tena uchafu wa mtu yeyote, hata awe waziri.

Chumba chake cha kazi kilitazamana na viwanja vya tenisi, ng'ambo ya barabara, kimebanwa kati ya saluni ya kike na mchonga funguo. Mashine ilikaa mezani karibu na dirisha: chuma cha duara cha kuishika fremu isitikisike, vibano viwili, na mkono mrefu wenye uzani unaoshuka polepole huku ukiuvuta uzi. Ukiusogeza uzani upande huu, uzi unavutwa kidogo tu. Ukiusogeza upande ule, unavutwa mpaka unalia. Kazi yote, ukiondoa mbwembwe, ni kuamua uzani ukae wapi. Nyuzi zilizolegea humsukumia mchezaji mpira bila yeye kutumia nguvu, na huuhurumia mkono wake, ila mpira nao hupata kiburi ukaenda unakotaka. Nyuzi zilizokazwa zina adabu, mpira unakwenda ulikoagizwa, lakini kila kishindo hupokelewa na kiwiko.

Kilichokuwa kikimtia kinyaa Fundi Nyuzi ni mipini. Mpini wa raketi ni kitu ambacho mtu mzima, mwenye cheo na manukato shingoni, hukishika kwa jasho mwaka mzima na asikioshe hata mara moja. Ule utepe uliozungushiwa unaingia weusi, unateleza kama ulimi wa ng'ombe, halafu unaanza kutoa harufu yenye tabia za mwenyewe. Fundi hakuwajua wateja wake kwa sura. Yule mwanasheria kwake alikuwa Maziwa Yaliyolala. Meneja wa benki alikuwa Soksi. Daktari wa meno, ambaye kwa kazi yake alipaswa kuwa na aibu kidogo, alikuwa Kitambaa cha Jikoni.

"Karibu sana, mheshimiwa," Fundi alisema mlangoni huku anatabasamu, na moyoni anatapika.

Hata hivyo kazi aliijua. Kabla ya kumuuliza mteja chochote alimpa mkono na kuuzuia. Akaukamua kiganja, akapandisha kidole gumba kwenye kifundo, akafuata ile mishipa ya mkono mpaka karibu na kiwiko, wakati huo huo anasimulia habari za mvua na bei ya petroli.

"Hapa panauma?"

"Aa, hapana kabisa, mimi ni... aah!"

Basi, hapo ndipo alipojua uzani auweke wapi. Wateja wengi hudanganya kuhusu miili yao, wanaume zaidi, lakini mishipa haijafundishwa uongo.

Sasa ikaja raketi ya mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa muuguzi mkuu aliyestaafu, na mpaka leo watu wanamwita Matroni. Alipostaafu alikaa nyumbani akaanza kugombana na friji. Akawa anapika chakula na kukisahau, analala mchana na kukesha usiku, mpaka binti yake, yaani mke wa Fundi, akaanza kulia peke yake bafuni. Kisha akatokea Mwalimu, mama mmoja mstaafu pia, jirani wa binti, aliyefundisha hesabu miaka yote hiyo na bado anahesabu ngazi anazopanda. Mwalimu akamkokota Matroni mpaka viwanjani. Matroni akanunua viatu vyeupe. Tangu hapo akawa anakula, analala, na anatukana watu kwa saa zinazofaa. Binti akashukuru.

Mwaka uliopita kiwiko kikavimba. Daktari akamwambia mbele ya binti yake: apumzike, na kikirudi tena, raketi itundikwe ukutani basi. Matroni akapumzika miezi, akarudi, akatangaza kwamba mkono ni mzima kama wa mtoto. Binti hakuamini, akawa anamvizia. Mama akibeba kikombe, binti anatazama kikombe. Ilitosha ishara moja tu, na Matroni angerudishwa kwenye friji yake.

Alhamisi ile uzi ulikatika mazoezini, na fainali ya wanawake wawili wawili ilikuwa Jumamosi. Matroni akapita kwa binti, akaiacha raketi imeviringishwa kwenye taulo la kuogea, akaenda zake.

Jioni Fundi alilifungua lile taulo, akarudi nyuma mpaka akagonga kabati.

Mpini ulikuwa umefungwa kwa plasta ya hospitali. Plasta juu ya plasta, na kila tabaka jipya limelalia la zamani bila lile la zamani kubanduliwa, mpaka mpini umenenepa kama ndizi iliyovunda. Rangi ilikuwa ya kahawia, tena kahawia ya namna mbili. Pembezoni gundi ilikuwa imetoka ikakusanya nywele, nyuzi za sweta, na kitu kingine cheupe ambacho Fundi aliamua, kwa faida ya chakula chake cha jioni, kutokichunguza. Na harufu! Ilikuwa kali, inachoma macho, halafu chini yake jasho, halafu chini ya jasho mafuta yaliyochacha. Ilinuka kama kabati la dawa ambalo panya amefia ndani.

"Mungu wangu," alisema.

"Nini?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Hakuna kitu, mke wangu. Naivutia picha raketi ya mama."

Utafanya nini? Mpini wa Soksi unaweza kuutania. Wa mama mkwe unaunyamazia. Akatafuta mfuko wa mkate, akaingiza mkono, akaibeba raketi mbele yake kama mtu anayemtoa panya nje, mpaka kwenye mlango wa jikoni. Ndani hakuingia nayo.

Mkewe alikuwa anakata vitunguu, simu kaibana kati ya sikio na bega. "Ndiyo mama. Eeh. Eeh, mama."

"Ndiye?" Fundi akanong'ona. "Muulize anataka mkazo gani."

"Mama, huyu anauliza mkazo... Mkazo! ... Eeh ... Nakusikia mama, usipige kelele ... Sawa. Sawa, nitamwambia." Akamgeukia mumewe, machozi ya vitunguu yanamtiririka. "Amesema nimwambie akaze."

"Akaze?"

"Akaze kabisa. Asilegeze hata kidogo. Akilegeza atamtia aibu mbele za watu."

"Amesema hivyo hivyo?"

"Unataka nikuimbie? Akaze!"

Fundi aliutazama wavu wa raketi. Nyuzi za zamani, zilizofungwa na kocha aliyemuuzia, zilikuwa laini. Ukizibonyeza zinaingia kama mto. Mtu aliyezoea mto hawezi kuamka siku moja akaomba ubao.

"Na mkono wake vipi?" aliuliza. "Maana kukaza..."

"Amesema mzima. Si umuulize mwenyewe? Haya, simu hiyo." Mkewe akamsogezea bega lenye simu.

Fundi alirudi nyuma. Amuulize nini? Shikamoo mama, hujambo mishipa? Mteja mwingine angempa mkono na kuukamua. Mama mkwe unamwamkia, unauachia mkono wake upesi kama chuma cha moto, unatazama chini. Ukimkamua mama mkwe mkono mpaka kwenye kiwiko, kwenye kikao cha ukoo utajieleza vipi?

"Mwache apumzike," alisema. "Amesema akaze, nitakaza."

Kesho yake akaifunga. Nyuzi za wima kwanza, kisha za mlalo, zinapita juu na chini kama ususi wa mkeka. Kazi ambayo kwa kawaida aliifanya taratibu, akipiga mluzi, siku hiyo aliifanya mbio, anapumulia mdomo, na mfuko wa mkate mkononi. Alifungua dirisha. Akafungua na mlango. Dada wa saluni akachungulia akauliza kama kuna mtu ameumia, maana anasikia harufu ya dawa, Fundi akamjibu aendelee na nywele zake. Alitaka kitu kimoja tu, kile kitu kitoke mezani kwake. Akasogeza uzani mpaka kilo ishirini na sita, akawaza mbele za watu, aibu, mama mkwe, akaongeza kilo moja ya heshima.

Alipomaliza alizipiga nyuzi kwa ukucha. Zikalia juu, kama kinanda. Akairudisha raketi kwenye taulo lake, akalifunga fundo, akanawa mpaka viwiko.

Jumamosi watu walijaa viwanjani. Fundi na mkewe walipata nafasi kwenye benchi la mbao, karibu na bwana mmoja aliyekuwa anajichokonoa sikio kwa ufunguo wa gari. Alichokonoa, akakagua alichokipata, akakipangusa chini ya benchi. Fundi akasogea. Upande wa pili kulikuwa na choo. Akarudi kwenye ufunguo.

Mwalimu, mwenzake Matroni uwanjani, alichelewa. Alikuja waamuzi wameshaanza kutazama saa, amejishika kiuno, anatembea kama mtu aliyebeba mayai.

"Mgongo," alisema. "Umenikamata ghafla."

"Simu nayo imekukamata?" Matroni aliuliza. "Tangu Alhamisi nakupigia."

Mwalimu akachunguza kamba za viatu vyake.

Wapinzani wao walikuwa mama mmoja mwembamba asiye na makuu, na mwingine waliyemwita Nyundo. Nyundo alikuwa na bega kama mlango. Kabla ya kuanzisha mpira alitemea mate kiganjani, akayasugua kwenye mpini, akatema tena kwa nyongeza. Fundi alifumba macho. Alijua raketi ile iko siku itafika mezani kwake.

Mpira wa kwanza Matroni aliurudisha vizuri. Raketi iliyolegezwa husema *bwa*, kama mto unaopigwa ukutani. Hii ilisema *tang!*, kama mfuniko wa sufuria umeanguka sakafuni. Watu wakageuka. Fundi akavimba kifua.

"Unasikia?" alimwambia bwana wa ufunguo. "Hiyo kazi ya mikono hii."

*Tang!* Mpira wa pili. *Tang!* Wa tatu. Kwenye wa nne Matroni aliihamisha raketi mkono wa kushoto, akaufungua na kuufunga mkono wa kulia kama mtu anayekagua kama vidole vyote bado vimo. Kwenye wa tano uso wake uliingia rangi ya majivu. Aling'ata meno, akacheza, na kila ulipolia mlio ule Fundi aliona bega la mama mkwe linaruka kidogo, kama la mtu aliyeguswa na umeme. Kifua chake kilishuka chenyewe. Kando yake Mwalimu alikuwa anaupisha kila mpira kwa heshima zote, mwili umelegea, kama anayempisha mgeni mlangoni.

Seti ya kwanza iliisha kwa aibu ambayo haifai kuandikwa. Ndipo mvua ikanyesha, mvua ya ghafla na kubwa, ikaondoka upesi kama mgeni aliyekosea nyumba. Refa akatazama madimbwi kiwanjani, akatangaza watasubiri kikauke.

Matroni alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha wachezaji, akamwita mkwewe kwa kidole.

"Baba. Raketi yangu umeifanya nini?"

"Shikamoo, mama. Nimeikaza."

"Nani amekwambia?"

"Si wewe, mama?"

"Mimi?"

Fundi akamgeukia mkewe. Mkewe akamgeukia mama yake. "Mama, si ulisema mwenyewe kwenye simu? Mwambie akaze, asilegeze hata kidogo, akilegeza atanitia aibu."

Matroni alifumba macho. "Nilikuwa namzungumzia huyu," alisema, na kidole kikamwelekea Mwalimu. "Amesikia jina la Nyundo akajitia mgongo, hapokei simu, anataka kujitoa. Wewe si jirani yake? Nikakwambia mwambie akaze. Moyo! Akaze moyo!"

"Mimi nimekuuliza mkazo wa raketi!"

"Mimi nimesikia unauliza kama nina mkazo. Nikasema ndiyo ninao, kwa sababu ya huyu mwoga."

Lugha yetu ni karimu mno. "A" moja tu inawatosha mwanamume na mwanamke, fundi na mwalimu, aliyeko jikoni na aliyejifungia chumbani, na wala haiulizi nani ni nani. Kwa hiyo aliyetakiwa kukazwa hakupata ujumbe, akaja amelegea kama uji. Na raketi iliyotakiwa kulegezwa ikakazwa mpaka ikalia.

"Kumbe 'akaze' ndiyo mimi?" Mwalimu alisema, akaanza kucheka, akasahau kushika kiuno.

"Cheka," Matroni alimwambia. "Mgongo umepona sasa? Cheka tu."

Mkewe Fundi hakucheka. "Na wewe!" alimwambia mumewe. "Fundi gani hujui kuulizia? Ungeishika raketi vizuri si ungejua? Lakini huyu, mama, alikuwa amevaa mfuko wa mkate mkononi, anaibeba kama anatoa mzoga!"

Nyundo mwenyewe, aliyekuwa anakunywa maji pembeni, aliacha kumeza.

"Mfuko wa nini?" Matroni aliuliza.

"Wa mkate," Fundi alisema, kwa sauti isiyozidi ya mbu.

Matroni aliketi, akakunja mkono wa sweta, akatoa kwenye mkoba bomba la dawa ya kuchua, akaikamulia kwenye kiwiko. Kiwiko kilikuwa kimevimba na kung'aa. Akasugua taratibu, na mafuta yakamwagika kwenye kiganja, na kwa kiganja kile kile akachukua raketi yake akaiweka mapajani.

Harufu ikapanda. Kali, inayochoma macho. Fundi aliijua. Ndiyo iliyomfukuza mezani kwake jana yake, na ndiyo dada wa saluni aliyoiita harufu ya dawa, na Fundi akamwambia aendelee na nywele. Sasa akaona na plasta zilikuwa za nini. Mkono unaouma hauwezi kufumba mpini mwembamba, kwa hiyo mwenye mkono anaunenepesha mpini, kila maumivu yakizidi anaongeza tabaka. Miezi yote ya uongo wa Matroni ilikuwa pale, imezungushwa moja juu ya nyingine. Fundi angeihesabu kwa kidole kama angekuwa na kidole kisichovaa mfuko. Mpini ulikuwa umemwambia kila kitu, tena kwa kelele, naye akaziba pua.

Kinyaa kikamgeukia. Alitazama mikono yake, misafi, imeoshwa mpaka imechubuka, akaiona imekaa vibaya mwilini kama vitu vya mtu mwingine. Alikuwa ameshika vyoo vya watu asiowafahamu akala chakula cha mchana baadaye. Mama wa mkewe ndiye aliyemvalia mfuko. Mate yakamjaa mdomoni, akayameza, yakawa machungu.

"Mama!" Mkewe alikuwa ameganda anatazama kiwiko. "Kumbe hakijapona!"

Matroni akashusha sweta, lakini alikuwa amechelewa. Ile ishara moja aliyoificha mwaka mzima ilikuwa imeshatoka, na mbele ya watu.

"Twende dukani kwako," alimwambia mkwewe, anainuka. "Kabla kiwanja hakijakauka."

Wakavuka barabara wote wanne, Fundi mbele na raketi, ameikamata mpini kwa mkono mtupu. Ulikuwa unanata. Unateleza na kunata kwa wakati mmoja, na kitu fulani chenye joto kilikuwa kinamwingia katikati ya vidole. Akaukaza mkono.

Katika kile chumba chembamba hapakuwa na pa kugeukia. Mwalimu alikaa juu ya boksi la nyuzi, Matroni kwenye kiti cha wateja, binti akasimama mlangoni kama askari. Fundi alichukua mkasi.

"Usikate," mkewe alisema.

"Kata," Matroni alisema.

"Mama, daktari alisemaje? Nilikuwepo! Alisema kikirudi, basi. Kimerudi. Wewe mwenyewe ungekuwa wodini, mgonjwa akakufanyia hivi, ungemfanya nini?"

"Ningemfunga kitandani."

"Haya!"

"Na yeye angetoroka, na mimi ningejifanya sijaona. Baba, kata."

Mkasi ukauma. Nyuzi za kilo ishirini na saba zikifa hupiga kelele, moja iliruka ikampiga Fundi shavuni, akaona amestahili.

"Shoga," Mwalimu alisema kwa upole kutoka kwenye boksi, "pengine binti anasema kweli. Tuwaachie tu lile kombe. Ni la bati."

"Wewe nyamaza. Wewe ndiye wa kukazwa, na mashine hiyo hapo."

Fundi aliibana fremu, akashika uzi mpya, akaufikisha mkono kwenye uzani. Ukasimama hapo. Hakuwa na neno la simu la kumwongoza, wala la mkewe. Akaweka uzi chini, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu alipooa.

"Mama," alisema, "naomba mkono wako."

Matroni akaipandisha tena sweta, akaunyoosha. Fundi akaupokea ulivyo, na mafuta yake na harufu yake, akaukamua kiganja, akapandisha kidole gumba kwenye kifundo. Hakusimulia habari za mvua. Akafuata mishipa polepole, ikamjibu yote, mmoja mmoja, na karibu na kiwiko kidole kilikuta mahali pa moto, pagumu kama jongoo aliyejikunja chini ya ngozi. Matroni alivuta pumzi kwa pua. Hakusema aah.

"Unashindwa kufungua kifuniko cha chupa," Fundi alisema.

"Nanunua zilizofunguliwa."

"Na usiku unalala umeuweka juu ya mto."

"Umeanza uganga?"

Fundi aliurudisha ule mkono mahali pake, taratibu, kama kitu cha kuazima. Akausogeza uzani mpaka kilo ishirini na moja, akaufikiria, akaurudisha nyuma mpaka ishirini. Nyuzi laini kuliko za kocha. Zingesema *bwa*. Akaanza kufunga, na mikono ikafanya kazi yake yenyewe huku kichwa kikizunguka jambo jingine, na alipomaliza za wima akashindwa kujizuia.

"Mama, nikwambie ukweli. Nimezilegeza. Nikitaka naweza kuzilegeza mpaka ziwe chandarua. Lakini nyuzi huchaguliwa kwa kuangalia mkono, na mkono niliouona hapa hautaki nyuzi za aina yoyote. Unataka kitanda. Ukirudi pale leo, Nyundo atauvunja, na hautarudi tena, si kwa tenisi, hata kwa kijiko. Mimi kama fundi nasema usirudi. Leo, na pengine..."

"Umesikia?" Mkewe alipiga mlango kwa kiganja. "Umesikia, mama? Fundi mwenyewe amesema! Mimi unaniona mtoto, haya, na huyu? Ameushika mkono, ameupima, amesema!"

Mwalimu alikubali kwa kichwa, mara nyingi, kwa matumaini makubwa. Ng'ambo ya barabara refa alikuwa anasukuma dimbwi la mwisho kwa ufagio.

Matroni alishusha mkono wa sweta, akafunga kifungo chake kwenye kifundo, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akaishia kwa mkwewe.

"Baba," alisema, kwa sauti ile iliyokuwa ikinyamazisha wodi nzima, "wewe nilikuletea raketi. Mkono sikukuletea."